Goti la kushoto, nyonga ya Mama: kisa cha kuchagua gari la kale uzeeni

Kisa hiki ni cha wateja wangu wawili, mume na mke. Majina, mji, namba za magari na bei nimeviondoa kwa ombi la familia. Miaka na aina za magari nimeziacha, maana bila hizo hakuna cha kujifunza. Nitawaita Mzee na Mama, kama ninavyowaita wakija gereji. Nakiandika kwa ajili ya mafundi wenzangu, na kwa watoto wa wazee wanaopenda magari ya zamani. Sehemu kubwa ya makosa yaliyomo ni yangu.

## Usuli

Mzee alikuwa mpima ardhi serikalini, kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 1993 alinunua kwenye mnada wa magari ya serikali Land Rover 109 ya Series III, ya petroli, yenye turubai nyuma. Series III zilitengenezwa kati ya 1971 na 1985, na ya kwake ni ya katikati ya miaka hiyo. Alizizoea kazini, anaijua kila nati. Kwa miaka 29 ndiyo iliyopeleka watoto shule, ikabeba mahari, ikabeba majeneza.

Lakini haikuwa gari pekee pale nyumbani, na jambo hili ni muhimu kwa yote yanayofuata. Binti yao, ambaye ni muuguzi na anaishi nao, ana Toyota ndogo ya sokoni na hospitali. Land Rover ilikuwa na kazi nne tu: kanisani Jumapili, kijijini mara moja kwa mwezi (kama kilomita 45, sita za mwisho vumbi na mawe), harusi na misiba, na kuwazungusha wajukuu wakija likizo.

Kufikia mwanzoni mwa 2022 Mzee alikuwa na miaka 70. Goti lake la kushoto lilikuwa limelika gegedu. Asubuhi lilimchukua nusu saa kukunjuka. Bega la kulia lilikuwa linauma akilinyanyua kupita kifua. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho unaoanza, ingawa hilo hakuliambia mtu. Mama, miaka 67, alikuwa ameanguka bafuni mwaka uliotangulia, akavunjika shingo ya mfupa wa paja na kuwekewa nyonga ya bandia. Hospitali walimwambia asikae mahali ambapo goti linapanda juu kuliko nyonga, wala asijipinde kwa kushtukiza.

Sasa mtazame mwanamke huyo mbele ya mlango wa Land Rover. Viti vya mbele vya 109 vimekaa juu ya boksi la bati, na kwa gari kama hili la turubai tenki la mafuta liko humo ndani. Huwezi kukishusha kiti. Kijana anaruka. Mama alikuwa anapandishwa na wajukuu kwa kusukumwa mgongoni, na mama wa heshima zake hapendi kusukumwa mgongoni mbele ya kanisa.

## Mambo yalivyokwenda

Februari 2022 Mzee alikwama kwenye mlima karibu na soko, lori likiwa mbele yake na bodaboda nyuma. Alikanyaga klachi, goti likakataa kurudi. Injini ikazima, gari likaanza kurudi nyuma. Handibreki ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka gia boksi kwenda nyuma, kwa hiyo ikishika inashika kwa mshtuko, gari zima linaruka. Ilishika. Hakuna aliyeumia, ila mjukuu aliyekuwa pembeni alisimulia nyumbani kila kitu, pamoja na maneno ambayo babu yake aliyatamka.

Kikao cha familia kilikaa wiki hiyohiyo. Watoto wote walisema gari liuzwe. Mzee akawajibu, "Siku mkiiuza hiyo, niuzeni na mimi." Kikao kikaishia hapo.

Siku ya tatu alikuja kwangu. Baada ya salamu alisema, "Fundi, nifungie pawa steringi." Hakutaja goti wala Mama. Nilimweleza kwamba inawezekana: watu huchukua boksi la steringi la gari jingine, wanakata na kuchomelea chasisi, wanafunga pampu kwenye injini. Nimeyaona yaliyofungwa vizuri na nimeyaona yaliyong'oka. Nilikataa kuchomelea chasisi ya gari la miaka zaidi ya 40 ambayo kutu yake inaanzia ndani, mahali usipoona. Badala yake nilimfungia kidaraja cha kupandia na mkono wa kushikia kila upande, nikabadilisha bushi na boljointi zilizokufa, nikapaka grisi kila kinachopakwa. Usukani ukawa mwepesi kidogo. Goti likabaki lilelile.

Juni akarudi akiwa na picha kwenye simu: Volkswagen Beetle, ile yenye mgongo kama kobe, ya miaka ya 1970, rangi ya krimu, imetunzwa. Alikuwa amepanda gari kama hilo akiwa kijana ameanza kazi, na uso wake ulipokuwa unaitazama ile picha ulikuwa wa kijana yule. Nililikagua gari. Sakafu haikuwa imeoza, injini ilikuwa inasikika vizuri, klachi nyepesi kweli maana gari lenyewe ni jepesi na uzito wote uko nyuma. Nikamwambia gari ni zima.

Gari lilikuwa zima kweli. Swali aliloniuliza nililijibu, ambalo hakuniuliza nililiacha.

Ndani ya wiki tatu mambo yakajulikana. Pedali za Beetle zimeota kutoka sakafuni, hazining'inii kutoka juu. Kuikanyaga klachi unanyanyua mguu mzima, kisigino kikiwa hewani au kikizunguka palepale. Kwa goti la Mzee hilo lilikuwa baya kuliko uzito wa klachi ya Land Rover. Kiti kiko chini. Milango ni miwili, kwa hiyo kila mjukuu aliyetaka kuingia nyuma, Mama alitakiwa kushuka kwanza. Jumapili ya nne Mama alikaa kwenye benchi la kanisa mpaka binti alipokuja na Toyota kumchukua. Desemba gari likauzwa, na karibu robo ya fedha ya kulinunua ikapotea.

Januari 2023 binti aliingilia kati. Alikuwa amegundua baba yake haendeshi tena baada ya saa kumi na mbili jioni, na akajua sababu kabla ya kuambiwa. Akasema hakuna gari litakalotafutwa kabla macho hayajafanyiwa upasuaji. Mzee alilalamika, akaenda. Jicho moja Februari, jingine Aprili.

Katika miezi hiyo ya kungoja ndipo kijiti kilipozaliwa. Binti alimwuliza Mama: kiti gani hapa nyumbani unainuka bila kushika kitu? Mama akaonyesha kimoja cha jikoni, cha mbao, si makochi ya sebuleni. Wakachukua fimbo ya mti, wakaisimamisha sakafuni kando ya kile kiti na kuichora alama. Alama ya pili wakaichora juu zaidi, mahali ambapo Mama anaweza kuketi kwa kurudi kinyumenyume bila kupanda kitu chochote. Kati ya alama mbili hizo ndipo kiti cha gari kinapotakiwa kuwa. Nilipoletewa hiyo fimbo nilicheka. Siku hizi ninayo yangu gerejini.

Kuanzia Mei mpaka Agosti tulizunguka nayo. Range Rover ya zamani, ile ya kabla ya 1996, ilikuwa na kila alichokitaka Mzee, pawa steringi na gia za otomatiki, ila kiti kilikuwa juu ya alama ya pili kwa zaidi ya shibiri. Hatukuifikiria tena.

Peugeot 504 ndiyo iliyotuumiza. Mzee alikuwa mtoto wa shule wakati Peugeot 404 zilipokuwa zinashinda mbio za magari za Safari, 1966, 1967 na 1968 mfululizo, na siku ambazo mbio zilipita upande wetu walikimbia barabarani kutazama vumbi. 504 nayo ilishinda 1975 na tena 1978. Aliponiambia hayo alikuwa ameshika mlango wa 504 nyeupe iliyotoka Kenya, ambako ziliunganishwa kwa miaka mingi hata baada ya Wafaransa wenyewe kuacha. Kiti kiliangukia katikati ya alama mbili. Springi zake ndefu na laini, mawe ya kijijini yangekuwa kama godoro. Mama aliketi, akainuka, akaketi tena, akasema, "Hili ndilo." Mzee akaliendesha mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, akazima injini, akabaki ameketi. Goti lilikuwa limeshaanza kuvimba. 504 za otomatiki zilitengenezwa, ila hatukuipata hata moja. Tuliondoka pale watu watatu kimya.

Ikabaki Mercedes W123. Gari hili lilitoka kiwandani kuanzia 1975 mwishoni mpaka mwanzoni mwa 1986, karibu magari milioni 2.7, na kwetu limekuwa gari la mabalozi, la maaskofu na baadaye la teksi. Tuliona mbili zinazofaa: 240D ya dizeli, otomatiki, hapa kaskazini, na 230E ya petroli, nayo otomatiki, ya 1983, iliyokuwa Dar es Salaam kwa mstaafu mmoja. Septemba 2023 tulisafiri mimi na Mzee, tukainunua ya Dar. Mama alibaki nyumbani.

## Maamuzi, na kwa nini

Kwa nini otomatiki lisiwe jambo la kujadiliwa? Kwa sababu ni goti la kushoto. Magari yetu yana usukani kulia, klachi inakanyagwa na mguu wa kushoto, na mguu huo kwenye gari la otomatiki hauna kazi. Lingekuwa la kulia, otomatiki isingemsaidia kwa kiasi hicho, maana breki na mafuta bado ni vya mguu huo, na pengine ningemshauri aache kuendesha. Watu husema "mzee ana magoti" kama vile magoti ni kitu kimoja. Uliza lipi.

Kwa nini mwaka wa 1983? Si kila W123 ina pawa steringi. Kwenye modeli ndogo ilikuwa nyongeza ya kulipia, na ni kuanzia Septemba 1982 ndipo ilipowekwa kwenye zote. Dalali atakwambia "Benzi zote zina pawa." Washa injini, zungusha usukani gari likiwa limesimama, kwa mkono mmoja, na kwa Mzee nilitaka mkono huo uwe wa kulia wenye bega bovu. Aliuzungusha mwanzo hadi mwisho mara tatu.

Kuhusu injini tulibishana. Mimi nilitaka 240D. Dizeli ile ni ya pampu na nozeli, fundi yeyote wa malori anaielewa, na mafuta machafu huivumilia kuliko injini ya petroli ya sindano, yaani inayopuliziwa petroli kwa nozeli nyembamba badala ya kabureta. Mzee alikataa kwa hoja moja: ina farasi 72 tu, na ikiwa ya otomatiki inapanda mlima kama inaomba ruhusa. Ile 230E ina 136. "Fundi," aliniambia, "mimi sasa nafikiri polepole. Nikitaka kulipita lori nataka nilipite liishe, nisikae nalo ubavuni." Sikuwa na jibu, na mpaka leo naona alikuwa sahihi kwa upande wa barabarani. Upande wa gerejini nitaueleza chini.

Ukaguzi wa Dar ulichukua siku mbili, na sehemu kubwa ya siku hizo nilikuwa chini ya gari na bisibisi. Hewa ya bahari inakula mabati. Kwenye W123 nagonga kwanza sehemu za kuingizia jeki, halafu chini ya betri, halafu mabawa ya mbele nyuma ya taa, matao ya magurudumu, na mashimo mawili ya pembeni ndani ya buti. Nikainua zulia la abiria: majani yakiziba matundu ya kutolea maji chini ya kioo cha mbele, maji yanaingia ndani na kulala sakafuni, nawe unaona zulia zuri tu. Tulikuta kutu kwenye sehemu moja ya jeki na kwenye bawa la kushoto. Tukapunguziwa bei. Namba ya injini na ya chasisi zilifanana na kadi, jambo ambalo kwa magari ya umri huu usilichukulie kirahisi, maana injini nyingi zimeshabadilishwa na kadi hazijui, na TRA, mamlaka ya mapato, watakurudisha.

Bima hatukuwa na la kuchagua. Kampuni mbili tulizozifuata zilikataa bima kubwa kwa gari la miaka 40, akachukua bima ndogo na kujua kwamba likigongwa kwa kosa lake ni hasara yake.

## Matokeo

Jumapili ya kwanza Mama alivaa kitenge kipya. Kijiti kilikuwa kimekubali, kiti kilikuwa juu ya alama ya kwanza kwa vidole viwili. Akageuka, akarudi kinyumenyume, akaketi. Akazama.

"Hili gari linanimeza," alisema.

Viti vya W123 vina springi za chuma, na juu yake pedi ya manyoya ya farasi yaliyoshikwa na mpira. Baada ya miaka 40 ile pedi imekuwa unga na springi zimechoka. Mimi nilipima kiti kitupu. Kikiwa na mtu juu yake kilishuka karibu shibiri, goti la Mama likapanda juu kuliko nyonga, yaani palepale alipokatazwa. Kama angekuwa Dar nasi tungelijua ndani ya dakika moja.

Kilichotuokoa si mimi, ni fundi wa makochi wa mtaa wa pili. Alivifungua viti vyote viwili vya mbele, akazifunga springi zilizolegea kwa waya na kamba, akatoa ule unga, akaweka sponji ngumu ya godoro kwa tabaka mbili, ya chini ngumu zaidi. Akavirudishia ngozi yake ya zamani. Kwenye upande wa Mama aliongeza sponji kidogo mbele ili kiti kikae sawa badala ya kulalia nyuma. Kazi yote iligharimu chini ya tairi mbili. Kijiti kikarudishwa, safari hii Mama akiwa ameketi, na binti akapima kutoka chini hadi kwenye paja lake. Kati ya alama.

Mengine yalikuwa madogo. Tulifunga kioo cha pembeni cha kushoto, ambacho gari hili halikuwa nacho, kwa kuwa shingo ya Mzee haigeuki vizuri akirudi nyuma. Tukabadilisha mipira ya steringi na dampa yake, kile kifaa cha kutuliza mtikisiko wa usukani. Kamba fupi ya ngozi ikaning'inizwa juu ya mlango wa Mama.

Mwaka 2024 ulikuwa mzuri mpaka Mei. Masika yalikuwa makubwa, barabara ya kijijini ikakatika, gari likalala wiki saba. Lilipowashwa likawa linatetemeka na kuzima. Sindano za petroli za 230E ni za mfumo wa Bosch usio na kompyuta, unaotegemea kisambazaji kimoja cha chuma chenye njia nyembamba sana. Petroli ikilala na kuwa gundi, au kutu ya tenki ikipita, inaziba. Hapa mjini hakuna anayekifungua. Kisambazaji kilipelekwa Nairobi, kikarudi baada ya wiki tano, na gharama yake ilizidi ya viti, kutu na steringi kwa pamoja. Sasa lina chujio jipya, tenki lilisafishwa, na amri ya binti ni kwamba liwashwe na kuzungushwa kila Jumatano, hata kama ni kwenda kununua mkate.

Na Land Rover? Haikuuzwa. Mjukuu mkubwa, yuleyule wa mlima wa sokoni, ameshapata leseni. Oktoba 2024, Land Rover zilipojaa Arusha kwenye tamasha lao, yeye ndiye aliyeendesha. Mzee alikaa kiti cha abiria siku nzima, na kwa ripoti ya mjukuu alikanyaga klachi ambayo haikuwepo kila gari lilipobadilishwa gia.

## Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindikana

Kosa la kwanza lilikuwa langu, la Beetle. Mzee alikuja na gari, nikakagua gari. Nilipaswa kumkagua mzee. Namaanisha hivyo hasa: kumwomba aketi, ainuke, anyanyue mguu, azungushe usukani uliosimama, ageuze shingo. Kwa kijana tofauti ya pedali za sakafuni na za kuning'inia ni ya mazoea ya siku mbili. Kwa goti lililolika ndiyo tofauti ya kuendesha na kutoendesha. Hapana karatasi ya mauzo inayoandika hilo, na sijaona mnunuzi anayeliuliza.

La pili ni kwamba mpaka kijiti kilipokuja, tulikuwa tunatafuta gari la mtu mmoja. Dereva ana usukani wa kushikilia, ana sababu ya kuvumilia, na gari ni lake moyoni. Abiria hana hata kimoja. Gari la wazee wawili linachaguliwa na yule ambaye mwili wake una masharti magumu zaidi, naye mara nyingi si anayeshika ufunguo. Mama hakuwahi kuulizwa kitu mpaka binti alipomuuliza kuhusu kiti cha jikoni, na tangu hapo tulipoteza muda mchache sana. Kisha tukamwacha nyumbani siku ya kununua! Nauli ya basi tuliyookoa tulimlipa fundi wa makochi mara kadhaa.

Kijiti chenyewe kilikuwa kipimo kizuri kilichotumika vibaya. Kiti kinapimwa kikiwa na mtu. Peugeot iliyotufurahisha ilipimwa na Mama akiwa ameketi, kwa bahati tu, kwa sababu alikuwepo.

Kungoja macho yatibiwe kwanza lilikuwa uamuzi bora katika kisa kizima, na si fundi aliyeutoa. Mzee alikuwa tayari anataka kununua taa kali za nyongeza kwa ajili ya Land Rover. Kama tungechagua gari kwa macho yale, tungelichagulia taa. Baada ya upasuaji suala la taa halikutajwa tena.

Kuhusu kukataa kuchomelea pawa steringi kwenye 109, bado nasimama pale nilipokuwa, ingawa fundi mwenzangu mmoja ananiambia nilimnyima mzee gari lake. Tuseme ningeifunga na ikakaa vizuri: bega lingepona, goti lisingepona, Mama asingepanda. Ingekuwa gharama kubwa ya kutatua theluthi moja ya tatizo. Kidaraja na mikono ya kushikia, vitu vya bei ya chakula cha mchana, vimebaki na faida mpaka leo maana ndivyo Mzee anavyopandia akiwa abiria.

Injini ndiyo sehemu nisiyoweza kuifunga. Gari linalotembea mara moja kwa wiki na kulala masika si rafiki wa kile kisambazaji. Kwa matumizi yale, gerejini, 240D ilikuwa bora, na ningeweza kuihudumia mwenyewe bila Nairobi. Lakini sijawahi kuwa na miaka 71 nikilipita lori mlimani. Hoja yake ya kutaka kulipita liishe ilitoka kwa mtu anayejua kwamba uamuzi wake umechelewa kwa sekunde moja, na kutafuta injini inayomrudishia hiyo sekunde. Nilichopaswa kufanya ni kumwambia mapema gharama ya sekunde hiyo, kwa maandishi, pamoja na jina la mji ambako spea itatoka. Sikumwambia. Nilikuwa nimekasirika kidogo kwamba amenishinda hoja.

Jambo moja lilikwenda vizuri bila mtu kulipanga. Kwa kuwa Toyota ya binti ilikuwepo, gari la kale halikulazimika kuwa na kila kitu. Liliweza kulala, kukataa kuwaka, kusubiri spea wiki tano, na hakuna aliyekosa hospitali. Wateja wawili wameniomba tangu hapo niwatafutie W123 iwe gari lao pekee uzeeni. Nimewajibu wote wawili kwa kuwapeleka kwa Mzee wakaulize kuhusu Mei na Juni ya 2024.

Mwezi uliopita binti alikileta kijiti tena. Mama ameanza kushika meza akiinuka kwenye kiti chake cha jikoni, kwa hiyo wamemwekea mto juu ya kiti hicho, na alama ya kwanza imechorwa upya, vidole viwili juu ya ile ya zamani. Nimempigia simu fundi wa makochi. Anakuja Alhamisi, na Mama atakuwepo.